Amri Zinapoonekana Kupindua Mfuatano Wake

Kompyuta husifiwa kwa utii wake. Husemekana kwamba hutenda neno kwa neno kile ilichoagizwa, haisahau, wala haichoki. Hata hivyo, mwanafunzi aandikaye amri tano katika faili, moja chini ya nyingine, huweza kuona jibu la amri ya nne likitangulia jibu la amri ya pili. Pengine huona jambo la kusikitisha zaidi: faili aliloamuru linakiliwe kabla ya kufutwa limefutwa, na nakala yake ni pungufu. Hapo huzuka dhana mbili. Ya kwanza ni kwamba mashine imeharibika. Ya pili ni kwamba kompyuta hupanga kazi zake kwa bahati nasibu. Dhana zote mbili si sahihi. Makala haya yaeleza sababu nne za hali hiyo, njia ya kuitambua kila mojawapo, na namna ya kuiepuka.

Mfuatano wa maandishi na mfuatano wa kazi

Kabla ya kuiendea kompyuta, yafaa kutazama kazi ambayo mfuatano wake umejaribiwa kwa vizazi vingi. Katika uwanda wa juu wa Ufipa, ulioko kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa, wakulima wana kilimo cha matuta ya duara yaitwayo intumba. Mvua za Ufipa hunyesha kwa msimu mmoja, kuanzia yapata Novemba hadi Aprili. Mvua zinapokaribia kwisha, mkulima hukata ardhi kwa jembe, hukusanya nyasi, kisha huzifunika kwa udongo hata pakawa na kilima kidogo. Nyasi hizo huoza ndani ya tuta. Msimu ufuatao wa mvua mkulima hulibomoa tuta, husambaza udongo uliorutubika, na kupanda ulezi.

Kazi hii yaweza kuandikwa kwa mistari mitatu: funika nyasi, nyasi zioze, panda ulezi. Kwa maandishi, mistari hiyo mitatu yafanana. Kwa vitendo, haifanani hata kidogo. Mstari wa kwanza hufanywa na mkono wa mkulima, naye hujua umekwisha anapoweka jembe chini. Mstari wa pili hujiendesha wenyewe. Mkulima hakai kando ya tuta kuungoja. Huenda kuvuna, kujenga, au kuhudhuria harusi, na nyasi zaendelea kuoza. Mstari wa tatu hautegemei jembe bali wategemea kukamilika kwa mstari wa pili.

Endapo mtu atapanda kabla nyasi hazijaoza, ulezi utaota, lakini utakuwa na rangi ya njano na kudumaa. Sababu yake ni ya kikemia. Vijidudu vinavyoozesha nyasi kavu huhitaji naitrojeni ili vizaliane, na nyasi zenyewe zina naitrojeni kidogo; basi vijidudu huichukua ile iliyomo udongoni, na mmea hukosa chakula. Mkulima huyo hatakuwa ameruka mstari wowote. Amefanya yote matatu, kwa mpangilio ule ule ulioandikwa. Kosa lake ni moja tu: ameanza la tatu wakati la pili limeanza lakini halijakwisha.

Wahunzi wa Ufipa nao waliijua kanuni hiyo. Matanuru yao marefu ya udongo, yaitwayo malungu, ambayo Profesa Bertram Mapunda na wanaakiolojia wengine wameyachunguza, yalipata hewa yenyewe kupitia matundu ya chini, bila mivukuto. Chuma kilichotoka humo hakikufaa kufuliwa mara moja. Kilipelekwa kwanza katika tanuru dogo, kintengwe, kikasafishwa kwa moto uliovuviwa kwa mivukuto, ndipo kikapelekwa kwa mfuaji. Mkaa ungeweza kuchomwa huku udongo wa tanuru ukikauka, kwa kuwa kazi hizo mbili hazitegemeani. Lakini hakuna aliyeweza kutumia kintengwe kabla ya ilungu kutoa chuma chake. Hivyo basi, katika kazi yoyote yapasa kutofautisha hatua zinazoweza kwenda pamoja na hatua ambazo moja sharti iingoje nyingine.

Sheli na kazi yake

Katika kompyuta, mwenye kusoma amri na kuzipeleka zikatendwe ni programu ambayo mafundi huiita sheli. Neno hili lisichanganywe na kituo cha mafuta. Sheli hukaa kati ya mtu na mfumo endeshi: husoma mstari mmoja, hutafuta programu iliyotajwa, huianzisha, huingoja imalize, kisha husoma mstari unaofuata. Faili lenye amri nyingi zilizopangwa ili sheli izisome huitwa skripti.

Mfumo endeshi wa Unix, ulioeneza namna hii ya kazi, ulianza mwaka 1969 katika maabara za Bell nchini Marekani, kwa juhudi za Ken Thompson na Dennis Ritchie. Sheli ya Stephen Bourne, ambayo mtindo wake wa kuandika amri ungali unatumika, ilitolewa mwaka 1979. Katika miaka hiyo Watanzania wachache mno waliweza kuiona kazi hiyo kwa macho. Kompyuta ya kwanza nchini ilikuwa imewekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, na mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta. Siku hizi mfumo wa Linux, uliofuata mtindo wa Unix, hupatikana bila malipo, na mwanafunzi wa Sumbawanga aweza kufanya majaribio yote yaliyoelezwa hapa kwa kompyuta ya kawaida ya shule.

Kama sheli ingefuata daima kanuni ile moja, yaani anzisha, ngoja, endelea, pasingekuwa na fumbo lolote. Fumbo latokana na mambo manne.

Sababu ya kwanza: kazi iliyoachwa ijiendeshe

Mwishoni mwa amri, alama ya & huiambia sheli: ianzishe kazi hii, lakini usiingoje. Tuandike skripti ifuatayo:

( sleep 5; echo "nyasi zimeoza" ) &
echo "ulezi umepandwa"

Amri sleep 5 hukaa kimya kwa sekunde tano. Amri echo huandika maneno kwenye kiwambo. Skripti hii inapoendeshwa, maneno ya kwanza kuonekana ni "ulezi umepandwa". Sekunde tano baadaye ndipo yatokea "nyasi zimeoza". Sheli haikukosea. Iliambiwa isingoje, nayo haikungoja.

Dawa yake ni amri wait, ambayo huifanya sheli isimame hadi kazi zote zilizoachwa zijiendeshe ziwe zimekwisha:

( sleep 5; echo "nyasi zimeoza" ) &
echo "mkulima amekwenda kuvuna"
wait
echo "ulezi umepandwa"

Sasa kuvuna kwaendelea huku nyasi zikioza, na kupanda kwangoja. Skripti hii yafuata busara ile ile ya mkulima wa intumba.

Hatari kubwa yatokana na kufanana kwa alama mbili. Alama moja, &, maana yake ni "usingoje". Alama mbili zikifuatana, &&, maana yake ni "ngoja, na endelea tu ikiwa iliyotangulia imefanikiwa". Tuseme mwalimu ana folda yenye alama za wanafunzi wote, naye ataka kuihamishia kwenye flashi. Ananuia kunakili kwanza, kisha kufuta:

cp -r alama /media/flashi & rm -r alama

Hapa alama moja imekosekana. Kunakili na kufuta vyaanza karibu kwa wakati mmoja. Faili ambalo cp imekwisha kulifungua litaendelea kusomeka hata jina lake likifutwa, lakini mafaili ambayo cp haijayafikia yatatoweka kabla hayajanakiliwa. Folda ikiwa ndogo, huenda zote zikanakiliwa, na mwalimu akadhani kwamba amri yake ni salama. Folda ikiwa kubwa, kazi ya muhula mzima hupotea. Kosa ambalo mara hutokea na mara halitokei ni baya kuliko lile litokealo kila mara, kwa sababu mafanikio ya jana huwa ushahidi wa uongo.

Sababu ya pili: faili lifunguliwalo kabla ya amri

Alama ya > hulielekeza jibu la amri kwenye faili badala ya kiwambo. Mwanafunzi atakaye kupanga orodha ya alama huandika:

sort alama.txt > alama.txt

Husoma mstari huo kutoka kushoto kwenda kulia na kuuelewa hivi: panga yaliyomo, kisha yaweke katika faili lile lile. Baada ya kuuendesha, hukuta faili tupu.

Mfuatano wa kweli ni mwingine. Sheli hutayarisha mahali pa kupokelea jibu kabla ya kuianzisha amri. Kwa alama ya >, kutayarisha maana yake ni kulifungua faili na kufuta yote yaliyomo. Programu sort inapoanza kusoma alama.txt, tayari hakuna cha kusomwa. Ni kama mtu aoshaye kibuyu apate cha kumiminia pombe, ilhali pombe yenyewe ilikuwa ndani ya kibuyu hicho hicho.

Njia salama ni kutumia chombo cha pili, na kubadilisha jina pale tu upangaji unapofanikiwa:

sort alama.txt > mpya.txt && mv mpya.txt alama.txt

Jambo linalofanana na hilo huonekana katika alama ya |, iunganishayo programu mbili ili jibu la moja liwe chakula cha nyingine. Wanafunzi wengi hudhani kwamba programu ya kushoto humaliza ndipo ya kulia ianze. Sivyo. Sheli huzianzisha zote pamoja, na zile za kulia hungoja chakula kila kinapochelewa. Kwa hiyo isitumiwe alama ya | mahali ambapo programu ya kulia yabadili kitu ambacho ya kushoto ingali inakisoma.

Sababu ya tatu: taarifa zinazochelewa njiani

Katika sababu mbili zilizotangulia, kazi zenyewe zilikwenda kinyume cha matarajio. Katika sababu ya tatu kazi zaenda sawasawa kabisa. Kilichopinduka ni taarifa za kazi hizo. Tofauti hii ni muhimu sana kwa mchunguzi.

Programu ina njia mbili za kutoa maneno. Ya kwanza ni njia ya majibu ya kawaida, na ya pili ni njia ya makosa na maonyo. Zote mbili huishia kwenye kiwambo, na kwa hiyo mtumiaji huziona kama njia moja. Lakini hazisafirishi mizigo kwa namna moja. Majibu ya kawaida yanapoelekezwa kwenye faili, programu nyingi haziyaandiki moja moja. Huyalimbikiza kwanza katika ghala dogo la kumbukumbu liitwalo bafa, na kuyamwaga yote kwa pamoja bafa linapojaa au programu inapokwisha. Sababu yake ni uchumi wa kazi: kuandika mara moja herufi elfu kadhaa ni rahisi kuliko kuandika mara elfu kadhaa. Maonyo, kwa upande wake, hayalimbikizwi hivyo, kwa kuwa habari za hatari hazifai kungoja.

Wasafiri wa barabara ya kutoka Tunduma kwenda Sumbawanga kupitia Laela walijua hali kama hii. Gari la abiria lingoje lijae ndipo liondoke, na pikipiki ibebe mtu mmoja na kuondoka papo hapo. Aliyepanda gari saa mbili aweza kufika baada ya aliyepanda pikipiki saa tatu. Anayewapokea Sumbawanga akiandika majina kwa mpangilio wa kufika, daftari lake halitasema uongo juu ya kufika, ila halitasema lolote juu ya kuondoka.

Jambo hili laweza kuonyeshwa kwa programu fupi ya Python, toleo la 3.9 au la baadaye, iliyohifadhiwa kwa jina la jumla.py:

import sys
print("Naanza kujumlisha alama")
print("Onyo: mstari wa 7 hauna alama", file=sys.stderr)
print("Nimemaliza")

Ikiendeshwa kwenye kiwambo, mistari mitatu yatokea kwa mpangilio ulioandikwa, maana majibu yaendayo kwenye kiwambo humwagwa kila mstari unapokwisha. Lakini ikiendeshwa hivi:

python3 jumla.py > ripoti.txt 2>&1

ripoti.txt litaanza na onyo, kisha "Naanza kujumlisha alama", kisha "Nimemaliza". Msomaji wa ripoti aweza kudhani kwamba kosa lilitokea kabla kazi haijaanza, na akatumia siku nzima kutafuta tatizo mahali lisipokuwapo. Amri python3 -u, ambayo yaizuia programu kulimbikiza, hurudisha mpangilio wa kweli.

Katika mstari huo huo, maneno 2>&1 yaagiza njia ya makosa ielekezwe kule ambako njia ya majibu imeelekezwa kwa sasa. Sheli huyasoma maelekezo hayo kutoka kushoto. Yakiandikwa kabla ya > ripoti.txt, njia ya makosa itabaki kwenye kiwambo, kwa sababu wakati huo majibu bado yalikuwa yakienda huko.

Sababu ya nne: kumbukumbu na diski

Amri cp inapomaliza na sheli kuonyesha kwamba iko tayari kwa amri nyingine, haimaanishi kwamba data imekwisha kufika kwenye flashi. Mfumo endeshi huipokea katika kumbukumbu ya kompyuta, hutoa habari kwamba kazi imekwisha, kisha huiandika taratibu. Mtu akichomoa flashi wakati huo, au umeme ukikatika, faili lililokwisha "kunakiliwa" laweza kuwa tupu au nusu. Amri sync huilazimisha mashine kuandika yote yaliyosalia, nayo hairudi hadi iwe imemaliza. Kwa hiyo kazi ya yule mwalimu yapaswa kuandikwa hivi:

cp -r alama /media/flashi && sync && diff -r alama /media/flashi/alama && rm -r alama

Hapa kunakili kwafuatwa na kuandika hasa, kisha kulinganisha, na mwisho kufuta. Hatua yoyote ikishindwa, zote zinazofuata haziendeshwi. Iwapo alama hizo hazipatikani kwingine, ni bora zaidi kuacha kufuta hadi flashi imetolewa kwa utaratibu wake, ikarudishwa, na mafaili yake yakafunguliwa.

Namna ya kuchunguza

Anayekutana na amri zilizopinduka asianze kwa kubadili mistari ovyo. Aanze kwa kuuliza swali moja: je, kazi zenyewe zimepinduka, au taarifa zake tu? Swali hili hujibiwa kwa hatua zifuatazo.

Kwanza, aongeze mstari date +%T kabla na baada ya kila amri inayoshukiwa, ili saa ya kila tukio iandikwe. Saa zikiwa katika mpangilio na majibu yasiwe katika mpangilio, tatizo ni la taarifa.

Pili, aandike set -x mwanzoni mwa skripti. Kuanzia hapo sheli itaonyesha kila amri kabla ya kuitenda, ikitanguliwa na alama ya kujumlisha. Akumbuke tu kwamba maonyesho hayo hupita katika njia ya makosa, na kwa hiyo yaweza nayo kuyatangulia majibu.

Tatu, azitenge njia mbili za maneno kwa kuzielekeza kwenye mafaili mawili. Kila faili peke yake litakuwa na mpangilio sahihi wa njia yake.

Nne, atafute kila alama ya & iliyo peke yake, na aulize: ni amri gani zinazofuata ambazo zategemea kazi hii? Kabla ya ile ya kwanza kati ya hizo, aweke wait.

Tano, aipunguze skripti hadi ibaki mistari michache kabisa ambayo bado inaonyesha tatizo. Mara nyingi sababu hudhihirika kabla hajafika mwisho wa kupunguza.

Kuna jambo moja la kuepukwa. Wengi hutibu kwa kuongeza sleep 10 kati ya amri mbili, wakitumaini kwamba sekunde kumi zatosha. Hiyo ni sawa na kupanda ulezi kwa kutazama kalenda bila kulifukua tuta. Mwaka wa mvua nzuri kalenda yaweza kutosha. Mwaka wa ukame nyasi zitakutwa zingali kavu. Kungoja muda si kungoja tukio, na mashine iliyo polepole zaidi, au faili lililo kubwa zaidi, litaifichua kasoro hiyo siku isiyotarajiwa.

Majaribio kwa darasa

1. Endesha skripti ya nyasi na ulezi bila wait, kisha pamoja na wait. Eleza tofauti kwa maneno yako.

2. Tengeneza nakala ya faili fupi la majina, kisha uipange kwa sort huku ukilielekeza jibu kwenye nakala hiyo hiyo. Pima ukubwa wake kabla na baada. Usilitumie faili halisi la shule.

3. Endesha programu ya jumla.py kwenye kiwambo, kisha kwenye faili, kisha kwa -u. Linganisha mipangilio mitatu, na useme ni upi unaoeleza kazi ilivyotendeka.

4. Andika hatua za kuandaa ugali na maharage. Bainisha hatua zinazoweza kwenda pamoja na zile ambazo sharti zingojane, kisha uzigeuze kuwa skripti kwa kutumia sleep, echo, & na wait.